Simu Mpya na Hofu ya Kasoro za Kiwandani: Maswali na Majibu

iPhone 6 Plus ilipoingia madukani Septemba 2014, haikupita wiki watu wakaanza kulalamika kwamba inapinda mfukoni. Apple ilijibu kuwa katika siku sita za kwanza za mauzo ni wateja tisa tu walioiletea malalamiko hayo. Gumzo likapoa. Miaka minne baadaye, nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilizotajwa katika kesi nchini Marekani zilionyesha kwamba wahandisi wake walilijua jambo hilo kabla ya simu kuuzwa: iPhone 6 ilikuwa na uwezekano wa kupinda mara 3.3 zaidi ya iPhone 5s, na 6 Plus mara 7.2.

Kwa hiyo mnunuzi anayeigeuzageuza simu yake mpya na kuikagua kila upande ana haki ya kufanya hivyo. Akiwa kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, huenda ametoa mshahara wa mwezi mzima au zaidi. Kinachomsumbua ni kutojua kipi ni kasoro na kipi ni tabia ya kawaida ya kifaa. Anaweza kukosa usingizi kwa mlio usio na madhara, huku akilipuuza tatizo ambalo duka lingelibeba kama angeliwahi. Haya hapa ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

Kampuni kubwa zina maabara na wakaguzi. Kasoro hupitaje?

Kisa cha Galaxy Note 7 kinaeleza vizuri kuliko nadharia yoyote. Samsung iliizindua sokoni tarehe 19 Agosti 2016. Kufikia tarehe 2 Septemba ilikuwa imetangaza kuzirudisha simu zipatazo milioni 2.5 kwa sababu baadhi zilishika moto. Wateja wakapewa nyingine zenye betri ya mtengenezaji tofauti, na hizo nazo zikawaka. Oktoba 11 kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza.

Uchunguzi uliofuata ulitumia simu 200,000 na betri 30,000. Majibu yaliyotolewa Januari 2017 yalishangaza: betri za watengenezaji wawili zilikuwa na makosa mawili tofauti. Ya kwanza ilibanwa kwenye kona yake ya juu kulia, tabaka za ndani zikapinda. Ya pili ilikuwa na vinundu vya kulehemu vilivyoweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri, na nyingine zilikosa hata mkanda wa kuzuia umeme usigusane. Makosa ya kiasi cha ukucha, ndani ya kitu kilichokwisha kufungwa kwa gundi. Mkaguzi anayeitazama simu kwa nje asingeyaona.

Ndiyo maana mtumiaji mwenyewe ni mkaguzi wa mwisho. Wahandisi wa vifaa vya umeme wanafahamu kuwa hitilafu nyingi za utengenezaji hujitokeza mapema, kisha kifaa hutulia kwa muda mrefu hadi kinapoanza kuchakaa. Simu mpya haifai kuwekwa kabatini ikisubiri sikukuu. Itumike kwa nguvu tangu siku ya kwanza: ipigiwe, ichajiwe, irekodi video, ishike Wi-Fi, isome laini zote mbili, itafute ramani, ipokee vipokea sauti. Kilicho dhaifu kioneshe udhaifu wake wakati risiti bado mpya.

Simu ikitikiswa inasikika kitu kikigonga ndani. Imeachia?

Mara nyingi, hapana. Kamera nyingi za simu za bei ya kati na ya juu zina lenzi inayoelea, ikishikiliwa na nguvu ya sumaku, ili picha isitikisike mkono unapotetemeka. Kamera ikiwa imezimwa, lenzi hiyo haina kinachoishika na hucheza kidogo. Kipimo chake ni rahisi: fungua kamera, kisha itikise simu taratibu. Mlio ukipotea au ukipungua, ni lenzi. Ukibaki vilevile, au ukitoka upande wa chini kwenye spika na tundu la chaji, hapo kuna hoja ya kuirudisha dukani.

Vitufe vya pembeni vinavyochezacheza kidogo navyo ni kawaida. Kitufe kinachozama na kukwama si kawaida.

Inapata moto siku za mwanzo. Niogope?

Simu mpya hufanya kazi nyingi kimyakimya. Inashusha programu, inapanga picha, inasasisha mfumo, inarudisha chelezo, yote hayo ikiwa kwenye chaji. Joto la siku mbili tatu za mwanzo kwa kawaida linatokana na shughuli hizo.

iPhone 15 Pro ilipotoka Septemba 2023, wanunuzi walilalamikia joto kali, na wengi wakailaumu fremu yake ya titani. Apple ilikanusha kuwa fremu ndiyo chanzo, ikataja hitilafu ya mfumo na baadhi ya programu, ikiwemo Instagram, kisha ikatoa marekebisho kupitia iOS 17.0.3. Kasoro ilikuwepo, ila haikuwa ya chuma wala kioo. Kabla ya kupigania kurudishiwa pesa, ni busara kusasisha mfumo na kuitazama tena.

Joto la kuogopwa ni lile linalokuja simu ikiwa imelala mezani, haichaji wala haitumiki, tena wiki imeshapita. Na kama mgongo wa simu umeanza kunyanyuka au kioo kinaachana na fremu, betri imevimba. Hapo hakuna kusubiri: isichajiwe, isibanwe irudi mahali pake, isitobolewe, ipelekwe kituo cha huduma.

Kioo kikaguliwe vipi?

Kabla ya kubandika protekta, na kabla ya kuvisha kava. Wengi hubandikiwa protekta palepale dukani kama zawadi, na mkwaruzo au kijiufa kilichokuwepo kikafichwa chini yake.

Fungua picha nyeupe tupu, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, mwangaza ukiwa juu. Nukta isiyobadilika rangi ni pikseli iliyokufa au iliyokwama. Kisha ingia chumba chenye giza, weka picha ya kijivu na ushushe mwangaza: kioo cha OLED chenye hitilafu kitaonyesha mabaka, au upande mmoja kuwa wa kijani au wa waridi kuliko mwingine. Kwenye simu nyingi za Samsung, kupiga *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio wenye rangi hizo, pamoja na vipimo vya mguso na spika. Kwa mguso, shika alama ya programu yoyote na uiburute kila kona. Ikidondoka yenyewe mahali palepale kila mara, mguso wa sehemu hiyo una shida.

Tofauti ndogo ya weupe kati ya simu mbili za aina moja si kasoro, kwani vioo hutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Mstari wa kijani unaokatiza kioo juu hadi chini ni kasoro, hata kama unatokea na kupotea.

Fremu ikionekana imepinda kidogo, duka linaweza kusema ni kawaida?

Linaweza, na pengine litakuwa linasema kweli. Kila mtengenezaji ana kiwango cha upotofu anachokiruhusu. Apple ilipolaumiwa kwamba iPad Pro za mwaka 2018 zinatoka kwenye boksi zikiwa zimepinda, ilieleza kuwa inaruhusu upotofu usiozidi maikroni 400 kwa urefu wa upande wowote, yaani chini ya nusu milimita. Mteja aliyelipa bei ile alikuwa na kila sababu ya kukasirika, lakini kipimo kilikuwa upande wa kampuni.

Ilaze simu kifudifudi juu ya kioo cha meza, bila kava, uibonyeze kona moja moja. Ikibembea waziwazi, au ukucha ukiingia kati ya kioo na fremu upande mmoja tu, usikubali jibu la "ni kawaida". Mpindo hauharibu sura tu. Katika iPhone 6 na 6 Plus, kunyumbuka kwa bodi kulichangia chipu za mguso kuachia, ukatokea mstari wa kijivu unaochezacheza juu ya kioo na vidole vikawa havisikiki. Novemba 2016 Apple ilianzisha mpango wa kuzitengeneza 6 Plus zenye tatizo hilo, na mteja alitakiwa kulipa dola 149.

Boksi limeandikwa IP68. Niijaribu kwenye ndoo ya maji?

Usijaribu. Alama hiyo ya kuhimili maji inatokana na majaribio ya maabara, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kina na muda uliowekwa na mtengenezaji. Kwa simu nyingi za Samsung ni mita 1.5 kwa dakika 30. Mwaka 2022 mahakama nchini Australia iliitoza Samsung ya huko faini ya dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyowafanya watu waamini simu zake zinafaa bwawani na baharini, ilhali tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu likichajiwa bado lina majimaji. Kwa mtumiaji wa Mombasa, Tanga au Unguja, hilo si jambo dogo. Na uharibifu wa maji kwa kawaida haumo kwenye waranti, hata simu yenye IP68. Kuijaribu ni kuhatarisha haki yako mwenyewe.

Duka likisema kasoro nimeisababisha mimi?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza, na hupoteza kwa kukosa ushahidi. Rekodi video moja isiyokatwa unapofungua boksi: muhuri, namba ya IMEI iliyoandikwa nje, kisha *#06# kwenye simu yenyewe, namba zilingane. Zisipolingana, ukaguzi mwingine wote hauna maana, kwa sababu simu bandia au iliyofunguliwa haitahudumiwa na kituo rasmi. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012.

Risiti itaje aina ya simu na IMEI, si neno "simu" peke yake. Kasoro ikijitokeza, irekodi na uiripoti kwa maandishi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa WhatsApp kwa muuzaji. Usimpe fundi wa pembeni aifungue kwanza, hata kama ni mzuri: muhuri wa ndani ukikatika, kituo rasmi kina sababu ya kukukatalia.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani si sheria ya nchi. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214) zinamtaka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo atoe mzigo wenye ubora unaofaa kuuzwa, na Kenya ina pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Muuzaji akigoma, mwombe akuandikie sababu ya kukataa na jina lake. Wengi hubadilisha msimamo hapo. Asipobadilisha, nchini Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na risiti, ile video ya boksi na jibu la duka.