Dalili ninazozisoma kabla ya kununua hisa

Wengi wetu tunaowekeza kidogo kidogo katika Soko la Hisa la Nairobi huanza kwa kutazama bei. Mimi huanza na hesabu zilizochapishwa na kampuni yenyewe, kwa sababu dalili za hatari huonekana humo mapema. Nafuata utaratibu huu.

1. Angalia tarehe. Kampuni iliyoorodheshwa hutakiwa kuchapisha hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wake wa fedha kuisha. Ikichelewa, sinunui hisa hata moja mpaka zitoke.

2. Soma ripoti ya mkaguzi. Ruka picha za wakurugenzi, utafute kama ametoa hati safi au yenye mashaka. Mwaka 2016, mkaguzi wa Chase Bank ya Kenya alikuwa na mashaka. Benki ikachapisha hesabu upya, zikionyesha mikopo ya watu wake wa ndani ni mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali. Wateja wakakimbilia kutoa akiba zao, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayechukua usukani wa kampuni iliyolemewa.

3. Linganisha faida na fedha taslimu. Faida ikipanda huku fedha zinazotokana na biashara zikipungua, uliza wadaiwa watalipa lini. Gawio likilipwa kwa mkopo, shaka yangu huongezeka.

4. Usivutwe na urahisi wa bei. Mumias Sugar ilitangaza hasara mwaka baada ya mwaka kuanzia 2013. Hisa iliposhuka chini ya shilingi 1, wapo walioona ni bei ya kutupa. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu.

5. Tafuta sababu ya onyo. Kampuni ikitarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inailazimu kutangaza onyo la faida. Sababu kama ukame hupita; wateja waliohamia kwa mshindani si rahisi kurudi.

Dalili moja naiandika daftarini na kusubiri hesabu za nusu mwaka. Zikikutana mbili, sinunui tena. Zikifika tatu, nauza hata nilizo nazo, hata kama bei bado inapendeza.

Hesabu hizi hupatikana bure kwenye tovuti za kampuni. Leo hii, fungua za kampuni unayomiliki hisa zake, usome ripoti ya mkaguzi kabla ya kuongeza hata shilingi moja.