Kujua Mimba ya Ng'ombe kwa Kupima Maziwa

Katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa wako wakulima wengi wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Ng'ombe wa namna hii walienea sana katika miaka ya 1980 na 1990, kwa mradi uliosaidiwa na Uswisi. Mwenye ng'ombe mmoja yampasa kujua mapema kama ana mimba au hana, maana ng'ombe asiyezaa hukauka maziwa, naye hula majani kila siku. Na aliyempata kwa masharti ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" atalipa kwa ndama gani?

Na tufanye hesabu. Ng'ombe huchukua mimba siku 280 hivi. Ili azae kila mwaka, sharti ashike mimba katika siku 85 baada ya kuzaa. Asiposhika, joto humrudia kila baada ya siku 21 hivi. Lakini aliyefungwa bandani peke yake hana mwenziwe wa kumpanda, na joto lake laweza kupita usiku lisionekane. Mwenyewe husema, "Ametulia, ana mimba," kumbe ni mtupu. Daktari wa mifugo aweza kumpima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, lakini kwa kawaida hungoja miezi miwili au mitatu.

Basi iko njia isiyomwingilia mnyama mwilini. Yai likisha kutoka katika ovari, mahali pake hufanyika uvimbe mdogo wa manjano utoao homoni iitwayo projesteroni, ndiyo itunzayo mimba. Homoni hii huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia katika maziwa. Pasipo mimba, uvimbe ule hunyauka kabla ya joto jipya, na homoni hushuka. Penye mimba, haishuki. Mwaka 1971 wataalamu wa Uingereza, Laing na Heap, walieleza habari za kuipima katika maziwa. Baadaye mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na Kilimo na ya Nguvu za Atomiki yalisaidia maabara za Afrika kufanya kipimo hicho.

Maziwa ya kupimwa hukamuliwa kati ya siku ya 21 na ya 24 baada ya kupandishwa. Tuseme ng'ombe alipandishwa tarehe 1 Machi: maziwa yake yatakamuliwa kati ya tarehe 22 na 25 Machi. Akionekana mtupu, mwenyewe atamwangalia sana karibu na tarehe 12 Aprili, joto litakaporudi, wala hatangoja hata mwisho wa Mei.

Lakini angalieni jambo hili. Homoni ikiwa chini, ni karibu hakika kwamba hana mimba. Ikiwa juu, si hakika kwamba anayo: huenda alipandishwa siku isiyo ya joto, au mimba ikafa baadaye. Kwa hiyo yafaa daktari amthibitishe. Tena mtamba asiyezaa bado hana maziwa. Kwake kipimo cha homoni chahitaji damu, mkojo au mavi.

Na kipimo hiki hakifai kitu pasipo tarehe. Ndugu mfugaji, nunua daftari. Andika siku ya kuzaa, siku ya joto na siku ya kupandishwa. Asiyeandika atakisia tu, na kila joto likimpita amepoteza siku 21 za maziwa.