Kinu cha Posho Nyumbani: Je, Shamba Lako Li Salama?

Mkulima, kabla ya kuweka kinu cha posho karibu na nyumba yako, fikiri kwanza juu ya deni. Ukiandikisha jina la biashara tu, wewe na biashara ni kitu kimoja mbele ya sheria: mwenye kukudai aweza kudai ng'ombe wako, hata shamba. Ukishirikiana na jirani bila kuunda kampuni, deni alilokopa kwa ajili ya biashara ni lako pia.

Kampuni yenye hisa huhesabiwa kuwa mtu mbali nawe. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015, hata mtu mmoja aweza kuiunda. Lakini ukitia sahihi kuidhamini kwa benki, na benki hutaka hivyo mara nyingi, ngao hiyo umeitupa mwenyewe.

Kisha bima. Ukiajiri mtu, sheria ya 2007 yakulazimu kumkatia bima ya kuumia kazini. Mkanda wa kinu hauchagui mkono. Tena, ikiwa nyumba ina bima, waambie wenye bima kwamba pana kinu. Ukificha, waweza kukataa kulipa. Wala usipunguze thamani: mali ya shilingi 200,000 ikikatiwa bima ya 100,000, hasara ya 60,000 mara nyingi hulipwa 30,000 tu.