SOMO LA KIKUNDI: VIDEO YA SIMU MPYA KWENYE KOMPYUTA NZEE



Kikundi kimoja cha akina mama kilimrekodi nyanya mmoja kwa simu akifundisha jinsi ya kuhifadhi mbegu za mboga za kienyeji. Baada ya miezi michache nyanya akaaga dunia. Walipoweka video hiyo kwenye kompyuta ya zamani ya ukumbini, sauti ilisikika lakini picha ikaganda. Memba mmoja akasema, "Imeharibika, tuifute." Mwingine akataka pesa za akiba zinunue kompyuta mpya. Nikawaambia, ngojeni kwanza.

Shida ni nini?

Video haikuwa mbovu. Simu hupiga picha nyingi, kwa kawaida 30 kila sekunde, halafu inazibana ili zisijaze nafasi. Simu nyingi za siku hizi hubana kwa njia inayoitwa H.265, iliyotolewa mwaka wa 2013. Kompyuta za zamani zimezoea H.264, ya mwaka wa 2003. Tena simu ikirekodi kwa 4K, kila picha ina nukta zaidi ya milioni 8, yaani mara 9 ya picha ya 720p. Ni kama kumbebesha punda mzee magunia tisa badala ya moja. Sio kwamba punda ni mgonjwa. Mzigo ndio umezidi.

Tufanye nini?

1. Jaribuni kwanza kufungua video kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Wakati mwingine hiyo peke yake inatosha.

2. Ikikataa, tafuteni mtu mwenye kompyuta ya kisasa, kama mwalimu au kijana wa saiba. Mpelekeeni video kwa flashi.

3. Afungue programu ya HandBrake, ambayo pia ni ya bure. Achague mpango wa "Fast 720p30". Kama kompyuta yenu ni nzee sana, achague "Fast 480p30".

4. Video mpya ipewe jina lingine, isifunike ile ya kwanza. Kazi hii huchukua muda, kwa hivyo msiache hadi asubuhi ya mkutano.

5. Ichezesheni kwenye kompyuta yenu tangu mwanzo hadi mwisho.

Onyo: msifute video ya kwanza hata kama mpya inacheza vizuri. Ikishapunguzwa, ubora uliotoka haurudi. Wekeni ya kwanza mahali pawili tofauti, tuseme kwa flashi na kwa simu ya katibu.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Kabla ya kurekodi, ingieni kwenye mipangilio ya kamera, mchague 720p au 1080p, na H.264 kama simu inaruhusu.

Wale akina mama sasa wanamwona nyanya akichambua mbegu zake, na pesa zao za akiba bado ziko.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wazee gani kwetu wana ujuzi ambao bado hatujaurekodi?
2. Video zetu zinawekwa na nani, na simu yake ikipotea itakuwaje?
3. Ni kitu gani tuliwahi kutupa au kununua kabla ya kuuliza?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.