Nguo Mikononi mwa Wajane

Soma Matendo 9:36–42. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini?

Mwishoni mwa mwaka 1999 Mmarekani aitwaye Patrick Barnes, mwenye umri wa miaka 33, alifariki baada ya kulazwa majuma manane. Kinga ya mwili wake ilikuwa ikishambulia chembe zinazosaidia damu kuganda. Wauguzi hawakuweza kumwokoa, lakini familia yake haikusahau upole waliomhudumia nao. Patrick mwenyewe, akiwa hana hamu ya chakula, siku moja alionja mkate wa mdalasini wa baba yake. Akaomba aletewe mwingine kesho yake, pamoja na ya wauguzi wote.

Kutokana na shukrani hiyo familia ilianzisha tuzo ya DAISY. Mgonjwa au ndugu zake huandika kile hasa muuguzi alichowatendea. Anayechaguliwa hupewa sanamu iliyochongwa kwa mkono na Washona wa Zimbabwe, na mara nyingi mikate ya mdalasini huliwa pamoja.

Luka hakuandika hata neno moja alilosema Dorkasi. Aliandika juu ya kanzu na nguo. Waliozishika walikuwa wale wale walioshonewa, nao walilia. Lakini walipokuwa wakimshuhudia hivyo, Dorkasi alikuwa amelala maiti, hasikii.

Ni muuguzi yupi aliyekuhudumia wewe au mpendwa wako, naye hajasikia neno lolote kutoka kwako? Ungemwandikia nini juma hili, ukitaja tendo gani?