Mzunguko, Duru na Mkao: Kusoma Pembe ya Kitu Kinachozunguka kwenye Ukurasa wa Wavuti

Utangulizi

Neno mzunguko limetwishwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Aghalabu hutumika kutaja tendo la kuzunguka, mara moja kamili ya tendo hilo, na hata pembe ambayo kitu kimefikia. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hututoa kwenye utata. Katika tarakilishi, hata hivyo, muktadha hauna huruma: atakayechanganya mambo hayo matatu atapata jibu lisilo sahihi, na huenda asitambue. Makala haya yanachunguza tatizo moja la kiufundi, yaani kusoma pembe ya sasa ya kitu kilicho katika uhuishaji, ili kuonyesha kwamba istilahi hufaa kuundwa na mtu aliyeona jambo lenyewe likitendeka.

Mfano wa Gurudumu

Mto Tana, upitapo mpakani mwa Embu na kaunti jirani, huzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa matano: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anatayarisha ukurasa wa wavuti kwa Kiswahili ili kuwaeleza watoto wa shule jinsi maji yanavyozungusha gurudumu la mtambo. Amechora gurudumu linalomaliza mara moja kamili kila sekunde 8, kwa kasi isiyobadilika. Mtoto akibonyeza kitufe, ukurasa unapaswa kumwambia gurudumu liko kwenye nyuzi ngapi wakati huo.

Agizo na Tukio

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusoma sifa iitwayo style.transform. Sifa hiyo hurejesha tu kile kilichoandikwa moja kwa moja kwenye elementi. Ikiwa uhuishaji umeelezwa katika faili ya mitindo, jibu litakuwa tupu, ingawa gurudumu linazunguka mbele ya macho yetu.

Mwanafunzi wa sarufi hapaswi kushangaa. Sisi hutofautisha lizunguke na linazunguka. La kwanza ni agizo, la pili ni tukio. Anayeuliza agizo hujibiwa kwa agizo. Anayetaka tukio hana budi kukiuliza kivinjari kimekokotoa nini hadi sasa, na swali hilo huandikwa hivi: getComputedStyle(gurudumu).transform.

Kusoma Matriksi

Sekunde moja baada ya kuanza, gurudumu limefika nyuzi 45, kwa kuwa 360 kugawanya kwa 8 ni 45. Kivinjari, hata hivyo, hakitaji 45. Hujibu kwa matriksi ya namba sita:

matrix(0.7071, 0.7071, -0.7071, 0.7071, 0, 0)

Ikiwa kitu kimezungushwa tu, bila kukuzwa wala kupindwa, namba ya kwanza ni kosaini ya pembe na ya pili ni saini yake. Mbili za mwisho hueleza kusogezwa kutoka mahali, na hapa ni sifuri kwa sababu gurudumu halikuhama. Tukiziita namba mbili za kwanza a na b, pembe hupatikana kwa Math.atan2(b, a), kisha jibu huzidishwa kwa 180 na kugawanywa kwa Math.PI.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusitumie kosaini peke yake. Sababu ni kwamba katika sekunde ya 7 gurudumu liko kwenye nyuzi 315, na kosaini yake ni 0.7071 vilevile. Saini ndiyo inayozitenganisha pembe hizo, kwa kuwa sasa ni -0.7071. Fomula yetu itatoa -45. Tukiongeza 360 tunapata 315.

Upande nao lazima utajwe. Kwenye kioo cha tarakilishi, pembe chanya hufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa kuwa mhimili wa wima huhesabiwa kuelekea chini. Katika hisabati ya darasani ni kinyume. Wakazi wa Meru wana mfano wao wa jambo hili. Ikweta hupita kusini kidogo ya mji huo, hivyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha mti hutoka magharibi kupitia kusini hadi mashariki, kinyume cha saa. Miezi mingine kivuli hicho hicho hupitia kaskazini na kuifuata saa.

Kile Ambacho Matriksi Imesahau

Sasa tungoje hadi sekunde ya 9. Gurudumu limekwisha maliza mara moja kamili na kuanza ya pili, yaani limezunguka nyuzi 405. Matriksi itarejesha namba zile zile za sekunde ya kwanza. Haihesabu safari, inaeleza tu jinsi kitu kilivyokaa. Mwanafunzi anayetaka kukadiria kazi ya mtambo kwa kutegemea matriksi ataona 45 hata baada ya gurudumu kuzunguka mara mia.

Hesabu ya safari hutafutwa kwenye uhuishaji wenyewe, kwa gurudumu.getAnimations()[0].effect.getComputedTiming(). Hapo currentIteration itakuwa 1 na progress itakuwa 0.125. Mara moja kamili ni nyuzi 360, na 0.125 ya 360 ni 45. Jumla ni 405. Hesabu hii husihi kwa kuwa kasi haibadiliki.

Tahadhari moja zaidi: vivinjari vya kisasa vina pia sifa ya pekee iitwayo rotate. Ikiwa uhuishaji umeandikwa kwa sifa hiyo, transform itajibu none, na pembe itabidi isomwe kwenye rotate yenyewe.

Pendekezo la Istilahi

Kutokana na mfano huu tunapendekeza maneno matatu. Mzunguko libaki kuwa jina la tendo. Duru litaje mara moja kamili. Mkao litaje pembe ambayo kitu kiko nayo wakati fulani. Wapo watakaopendelea mwelekeo badala ya mkao. Tunaona kwamba mwelekeo hudokeza upande ambao kitu kinaendea, ilhali gurudumu lililosimama haliendi popote, na bado lina mkao. Kwa hiyo katika sekunde ya 9 tutasema: gurudumu limo katika duru ya pili, na mkao wake ni nyuzi 45.

Hitimisho

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004, kupitia Jambo OpenOffice, kwamba programu nzima yaweza kuzungumza Kiswahili. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kazi iliyobaki ni yetu tulio madarasani. Kabla ya kupendekeza istilahi ya tarakilishi, mwanafunzi wa Kiswahili na aketi kando ya mwenzake wa sayansi, walizungushe gurudumu, walisimamishe, kisha waulizane wanachokiona. Jina litakalotoka hapo litamfaa mtoto wa Embu anayebonyeza kitufe.