Sungura Aliyetolewa Kizazi Anapojenga Kiota

Leo somo letu la afya ni juu ya sungura. Labda utauliza: sungura na afya ya watu vinahusiana nini? Soma mpaka mwisho, utaona.

Watu huja zahanati kuomba vidonge vya kumpa mnyama. Swali moja ni hili:

"Sungura jike wa watoto wetu alipasuliwa mjini, akatolewa kizazi. Tuliambiwa hatazaa tena na atakuwa mpole. Sasa ni miezi mitano. Anang'oa manyoya ya kifuani na kujenga kiota. Juzi amemng'ata mtoto mkono. Jirani mmoja anasema tumpe vidonge vya uzazi wa mpango. Mwingine anasema apasuliwe tena hapa hapa nyumbani. Tufanye nini?"

Jibu letu ni hili. Msimpe vidonge. Msimpasue nyumbani. Chukueni daftari na kalamu, mhesabu siku. Kisha mpelekeni sungura kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari hilo. Sasa tujifunze kwa nini.

KIZAZI CHA SUNGURA

Sungura jike ana mifuko miwili ya uzazi. Kila mfuko una mlango wake. Karibu na mifuko hiyo kuna ovari mbili, moja kulia na moja kushoto. Ovari ni kiungo kidogo kinachotoa mayai ya uzazi. Tena ovari hutengeneza homoni.

Homoni ni nini? Homoni ni kama mjumbe. Mjumbe hupita nyumba kwa nyumba kutoa habari ya mkutano. Homoni nazo hupita katika damu na kupeleka habari mwilini. Huuambia mfuko wa uzazi ujitayarishe. Huziambia chuchu zitoe maziwa. Humfanya jike atafute dume, ajenge kiota, na awe mkali kulinda mahali pake.

Daktari anapomtoa sungura kizazi, huziondoa ovari zote mbili, na mara nyingi mifuko ya uzazi pia. Ovari zikitoka zote, homoni zake hupungua. Lakini hazipungui siku ile ile. Tabia ya sungura hubadilika polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Kwa hiyo, kama sungura amepasuliwa wiki mbili tu zilizopita na bado ni mkali, msishangae. Subirini.

KWA NINI DALILI HURUDI?

Ovari za sungura zimo ndani ya tumbo, na pembeni yake kuna mafuta mengi. Sungura akiwa mnene, mafuta hayo huzidi. Kipande kidogo cha ovari kinaweza kubaki bila kuonekana. Kipande hicho kikipata damu, huendelea kufanya kazi. Hutengeneza homoni kama zamani. Wajumbe tisa wakiondoka na mmoja akabaki, habari ya mkutano bado itafika.

Dalili zinaweza kurudi baada ya miezi, hata baada ya mwaka au zaidi. Dalili zenyewe ni hizi:

1. Anawapanda sungura wenzake, au anazunguka miguuni mwa watu.
2. Anakojoa ovyo kila mahali ili kuweka alama.
3. Anakuwa mkali mtu akiingiza mkono bandani.
4. Anakusanya nyasi mdomoni na kujenga kiota.
5. Anang'oa manyoya ya kifuani na tumboni, na chuchu zinavimba.

Dalili moja peke yake haitoshi. Sungura mwenye maumivu huuma. Sungura aliyefungiwa katika banda dogo huuma. Sungura mwenye wadudu wa ngozi hupoteza manyoya. Lakini dalili kadhaa zikija pamoja, zikaondoka, zikarudi tena, basi tufikirie kwamba kipande cha ovari kimebaki.

MIMBA YA UONGO

Sungura jike hatoi mayai kila mwezi. Huyatoa baada ya kupandwa, saa 10 hadi 12 hivi baadaye. Tena si lazima apandwe na dume. Akipandwa na jike mwenzake, mwili wake unaweza kudanganyika na kutoa mayai. Hapo huanza mimba ya uongo. Hakuna kitoto tumboni, lakini mwili unafikiri kipo.

Mimba ya kweli ya sungura huchukua siku 30 hadi 32. Mimba ya uongo huchukua siku 16 hadi 18 hivi, kisha huisha yenyewe. Mwisho wa siku hizo ndipo jike hung'oa manyoya na kujenga kiota.

Sungura asiye na ovari hata kidogo hatoi mayai. Kwa hiyo sungura aliyetolewa kizazi zamani, akipata mimba ya uongo mara kwa mara, anatuonyesha kwamba ovari bado ipo.

DAFTARI NI MSAADA MKUBWA

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi. Sungura hawezi kusema anaumwa tangu lini. Daftari litamsemea.

Andika tarehe aliyopasuliwa. Kisha andika kila unaloliona, hivi:

Tarehe 3: Amepandwa na mwenzake.
Tarehe 17: Anakusanya nyasi. Ni mkali.
Tarehe 18: Anang'oa manyoya. Chuchu zimevimba.
Tarehe 20: Ameacha. Ametulia. Anakula vizuri.

Sasa hesabu. Kutoka tarehe 3 mpaka tarehe 20 ni siku 17. Hiyo ni hesabu ya mimba ya uongo. Endelea kuandika. Hali hiyo ikirudi mara ya pili na ya tatu, daktari wa mifugo akisoma daftari lako atajua aanzie wapi. Kama watoto wako wako shuleni, wape kazi hiyo. Watajifunza hesabu na huruma kwa wakati mmoja.

MATUNZO NYUMBANI

Sungura akiwa katika siku hizo, mwache na kiota chake. Ukikivunja, ataanza tena kung'oa manyoya. Kiondoe akishatulia.

Mtenge na sungura wanaompanda, lakini aweze kuwaona. Mpe nyasi nyingi na maji safi wakati wote. Usimpe pumba nyingi. Usimkamue chuchu, maana ukikamua, maziwa huzidi kuja.

Usimnyanyue kwa masikio. Weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Sungura akirusha miguu huku ananing'inia anaweza kuvunjika mgongo.

DAWA ZA WATU SI DAWA ZA SUNGURA

Sasa tumefika kwenye zahanati. Vidonge vya uzazi wa mpango vina homoni ndani yake. Vimepimwa kwa mwili wa mwanamke, si kwa mnyama wa kilo mbili au tatu. Ukimpa sungura, unamwongezea wajumbe badala ya kuwapunguza. Tena unamnyang'anya mama dawa yake.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Wako watu wanaompa sungura mgonjwa vidonge vya penisilini, ampisilini au amoksisilini vilivyobaki nyumbani. Dawa hizo humsaidia mtu, lakini sungura akizimeza zinaweza kumwua. Ndani ya utumbo wa sungura kuna vijidudu vizuri vinavyosaga nyasi. Dawa hizo huwaua hao wazuri, wabaya wakabaki na kuzaana. Sungura huharisha na kufa. Dawa ya sungura itoke kwa daktari wa mifugo tu.

Na sungura aliyepewa dawa asiliwe mpaka siku alizosema daktari ziishe.

MTOTO ALIYENG'ATWA

Mtoto aking'atwa au kuparuzwa na sungura, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa. Kisha mlete mtoto zahanati pamoja na kadi yake ya chanjo. Tutaangalia kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Kama sungura mwenyewe aliumwa na mbwa au mnyama wa porini siku za nyuma, tuambie, maana hapo tunafikiria kichaa cha mbwa.

Msimpige sungura. Hakuuma kwa ubaya wa moyo. Homoni zinamwambia kwamba ana watoto wa kulinda. Mtoto asiingize mkono bandani mpaka sungura atulie.

DALILI ZA HATARI

Usiendelee kuhesabu siku ukiona dalili hizi. Nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo:

1. Hajala tangu asubuhi mpaka jioni, au hapati choo.
2. Anatokwa damu au usaha sehemu za uzazi.
3. Chuchu ni ngumu, zina moto, zimekuwa nyekundu au za buluu.
4. Anapumua kwa shida.
5. Tumbo limevimba.

Kumbuka: mkojo wa sungura huweza kuwa mwekundu kwa sababu ya majani aliyokula. Lakini wewe huwezi kujua kwa macho kama ni majani au ni damu. Mwache daktari apime.

Kwa nini tunasisitiza? Saratani ya mfuko wa uzazi huwapata sungura majike wengi wenye umri wa miaka mitatu, minne na kuendelea ambao hawakutolewa kizazi. Saratani hiyo huweza kufika mapafuni. Kama kipande cha ovari kimebaki, na sehemu ya mfuko wa uzazi nayo imebaki, hatari haijaondoka yote.

KWA DAKTARI WA MIFUGO

Mweke sungura katika kikapu chenye hewa na nyasi. Chukua daftari. Chukua na karatasi ya upasuaji wa kwanza, kama ipo. Kama mliko hakuna daktari wa mifugo, anzeni kwa bwana mifugo wa kata. Atawaelekeza.

Daktari ataupapasa mwili wa sungura. Penye vifaa, ataweza kupima homoni katika damu au kuangalia tumbo kwa picha. Akithibitisha kwamba ovari imebaki, tiba yenyewe ni kupasua tena na kukitoa kipande hicho. Kazi hiyo hufanywa kwa dawa ya usingizi, kwa vifaa safi, na mtu aliyesomea. Nyumbani kwa wembe ni mateso na kifo.

Sungura hatapiki. Kwa hiyo hashindishwi na njaa kabla ya kupasuliwa kama mtu anavyofanyiwa. Mpelekee nyasi ili ale mara akiamka.

Upasuaji wa pili una gharama. Kama dalili ni ndogo na sungura ana afya, muulizeni daktari kama mnaweza kungoja huku mkimwangalia. Amueni pamoja naye, mkiwa na daftari mbele yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Homoni hufanya kazi gani mwilini?
2. Mimba ya kweli ya sungura ni siku ngapi? Ya uongo je?
3. Kwa nini tusimpe sungura vidonge vya watu?
4. Sungura alipandwa na mwenzake tarehe 6. Alitulia tarehe 23. Ni siku ngapi? Unafikiri ana nini?
5. Mtoto aking'atwa, jambo la kwanza la kufanya ni lipi?

Msomee somo hili jirani ambaye bado hajajua kusoma.